Uunganishaji wa Umeme wa Kizuizi cha Rivasi katika Gari Lililobadilishiwa Giaboksi

Makala hii inafafanua namna ya kuunganisha umeme wa kizuizi cha rivasi pale giaboksi ya Tremec T-56, iliyotolewa kwenye Chevrolet Camaro, inapofungwa katika gari lisilo na kompyuta ya kuiongoza. Hoja kuu ni kwamba njia iliyo rahisi kuunganisha si lazima iwe ndiyo inayotimiza kusudi la kizuizi.

Giaboksi hiyo ina gia 6 za mbele, na rivasi iko kulia kabisa, jirani na gia ya 5. Springi ngumu humzuia dereva kuufikisha mkono wa gia huko. Solenoidi, yaani koili inayogeuka sumaku inapopitiwa na umeme, hupunguza ukinzani huo. Katika Camaro, kompyuta hukamilisha saketi mwendo ukiwa mdogo sana. Kompyuta ikikosekana, springi hubaki ngumu wakati wote, na dereva hulazimika kutumia nguvu kila anaporudi nyuma.

Njia iliyozoeleka ni kuchukua umeme kwenye swichi ya taa za breki. Ina kasoro mbili. Kwanza, swichi hiyo haitambui mwendo. Dereva anayepunguza kasi katika barabara kuu hukanyaga breki huku akitoka gia ya 6 kwenda ya 5. Hivyo kizuizi hulegea wakati hasa kinapohitajika. Pili, hitilafu ya solenoidi huweza kukata fyuzi ya pamoja, taa za breki zikazimika bila dereva kujua.

Kwa sababu hiyo, inapendekezwa kutumia rilei inayoongozwa na kifaa kinachosoma sensa ya mwendo. Umeme utoke kwenye saketi inayowashwa kwa ufunguo, upite katika fyuzi yake pekee, kisha rilei, hadi solenoidi na athi. Dayodi ifungwe sambamba na koili, katodi ikielekea upande chanya, ili kudhibiti volteji ya ghafla umeme unapokatika. Swichi ya taa za rivasi ni saketi nyingine, nayo isichanganywe na hii.

Uhakiki ufanywe kwa taa ya majaribio: iwake gari likiwa limesimama, izime mwendo unapopanda. Rivasi isijaribiwe gari likiwa katika mwendo. Kizuizi kinachofunguka kwa kila mguso wa breki humpa dereva wepesi, lakini humnyima kinga aliyokusudiwa kuipata.