Noeli imekwisha, mapambo yanakwenda wapi?

Leo Kanisa Katoliki linaadhimisha Ubatizo wa Bwana, na kwa sikukuu hii kipindi cha Noeli kinafungwa. Kesho tunaingia Kipindi cha Mwaka, rangi ya kijani. Nimeona nizungumze nawe juu ya jambo ambalo pengine utadhani si la mimbarini: ule mti ulio kwenye kona ya sebule yako, taa zake, na lile pango la maboksi na majani walilojenga watoto.

Najua katika nyumba nyingine mti ulishaondoka tarehe 26 Desemba. Wenye maduka walianza kupiga nyimbo za Noeli mwezi Novemba, hata Majilio hayajaanza, nasi tukawafuata. Walipozima redio, tukazima pia. Matokeo yake tunasherehekea Noeli kabla haijafika, na inapofika tunaiacha.

Wapo pia wenye hofu. Kila Januari huulizwa na waamini kama ni kweli mapambo yakipitiliza tarehe 6 huleta mkosi. Hapana, hakuna mkosi wowote. Hiyo ni imani iliyotoka Uingereza, kwa watu waliohesabu siku 12 za Noeli na kuogopa kuzizidisha. Cha kuchekesha ni kwamba Waingereza hao hao zamani waliacha mapambo hadi mkesha wa tarehe 2 Februari. Robert Herrick, mshairi aliyekuwa pia kasisi wa Kianglikana, katika kitabu chake cha mwaka 1648 ana shairi juu ya desturi hiyo: matawi ya Noeli yanateremshwa, yanawekwa mengine hadi Pasaka, kisha mengine tena, kila majira na majani yake. Nyumba ilibadilishwa mavazi kama sisi tunavyobadilisha vitambaa vya altare. Haikuachwa tupu.

Tarehe 2 Februari ndiyo Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, siku ya 40 tangu Noeli. Nchini Poland, pango na nyimbo za Noeli huendelea hadi siku hiyo. Kwa kalenda iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1969, kipindi chenyewe kinaishia leo. Ukishusha mapambo jioni hii hujakosea. Ukiliacha pango hadi Februari hujakosea pia.

Kwa wenzetu wa nchi za baridi, jambo hili lina uzito mwingine. Kwao Januari ni kipupwe chenyewe, usiku mrefu na mchana wa saa chache, miti imebaki mifupa. Mti wa Noeli ukiondoka, huacha mishumaa na majani mabichi ndani, maana nje hakuna. Sisi tuliazima theluji yao tukaitengeneza kwa pamba, huku jua la Dar es Salaam likituchoma kisogo. Sina ugomvi na pamba. Lakini pamba ikishatolewa, tunaweka nini?

Hapa nakuomba twende Greccio, Italia, mwaka 1223. Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliandaa Noeli ambayo mapango yetu yote yamerithi. Hakuweka sanamu kama zetu. Palikuwa na hori, nyasi, ng'ombe, punda, na watu wa kijiji na mienge yao. Hilo wengi mmelisikia. Linalosahauliwa ni kilichotokea baadaye. Tomaso wa Celano, aliyeandika maisha ya Fransisko miaka michache tu baada ya kifo chake, anasimulia kuwa nyasi zile hazikutupwa. Zilitunzwa, wakalishwa wanyama waliokuwa wagonjwa, wakapona. Pambo la Noeli lilitoka pangoni likaenda kwa aliyekuwa na shida.

Basi nikuulize: la kwako linakwenda wapi?

Fikiria Kilimanjaro. Mwezi Desemba mabasi hujaa watu wanaopanda Marangu, Machame, Kibosho, Rombo. Nyumba ya babu na bibi inajaa wajukuu. Wanapachika maputo na karatasi za kung'aa sebuleni, mbuzi anachinjwa, picha zinapigwa. Wiki ya kwanza ya Januari kila mtu ameshuka: ada, ofisi, biashara. Bibi anabaki na maputo yanayonywea siku hadi siku na karatasi zilizogandishwa juu ambako hafiki. Mapadre tunaopeleka Komunyo kwa wagonjwa tunaziona karatasi hizo mwezi Machi, tunaziona hadi Juni. Ukimwuliza kwa nini hajamwomba kijana wa jirani azitoe, anakujibu kwamba ziliwekwa na watoto, basi ziache.

Simcheki bibi huyo. Yeye ameelewa mapambo kuliko mwenye duka. Ila sitaki awe analinda karatasi wakati watu wenyewe wanatuma salamu kwa pesa ya simu tu.

Injili ya tarehe 2 Februari ni ya wazee wawili. Yosefu na Maria walimpeleka Mtoto Hekaluni na sadaka ya ndege wawili, ile iliyoruhusiwa kwa maskini, na waliompokea ni Simeoni na Ana, mjane ambaye Luka anamtaja kwa umri wa miaka 84. Noeli ilipelekwa kwa wazee, Simeoni akambeba Mtoto mikononi mwake. Siku hiyo kanisani tunabariki mishumaa. Wapoland huutunza mshumaa huo nyumbani mwaka mzima, wakauwasha wakati wa radi na kando ya kitanda cha anayekufa. Nenda uchukue miwili: mmoja wako, mwingine wa mzee unayemjua anayeishi peke yake. Kama ni mzazi wako na yuko mbali, mpigie leo umwulize nani atamfikishia.

Penye mti uliotoka, weka meza ndogo ya sala: msalaba, Biblia, mshumaa huo, na jani bichi. Ukiwa Mchagga, jani unalo. Isale ni alama ya amani. Hupelekwa kwa ndugu unayetaka akusamehe. Kama sikukuu hii mligombana kuhusu shamba au mchango wa mbuzi (nasikia mengi), isale mezani haitakuwa pambo tu. Kwaresima ikija, utatoa jani na kuacha msalaba. Siku ya Matawi utaleta tawi, litakauka nyuma ya msalaba, na mwaka ujao utalirudisha parokiani lichomwe liwe majivu.

Pango usilivunje peke yako watoto wakiwa wamelala. Wape kazi. Mmoja afungie mamajusi kwenye gazeti, hata hili ukishamaliza kulisoma, mwingine akunje taa zisijifunge mafundo. Majani makavu mpe jirani mwenye mbuzi. Sanamu ya Mtoto Yesu uitoe ya mwisho, na kabla ya kuifunika muipokezane mkononi, kuanzia mkubwa hadi mdogo.