Amana ya Kaunti: Sauti ya Mama wa Liboi Ifike Garissa

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kuwa mambo ya serikali ya kaunti ni mazungumzo ya wanaume barazani, na kwamba mama mwenye nyumba hana haja nayo. Juma hili tumeona vyema tuitazame dhana hiyo kupitia mji ulio mbali nasi: Liboi, katika Kaunti ya Garissa.

Liboi ni mji wa mpakani. Kutoka hapo hadi mpaka wa Somalia hakufiki kilomita 20, na ng'ambo ya pili ni Dobley. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, maelfu ya watu waliokimbia vita walipokewa hapo kabla ya kambi za Dadaab kuwa makao yao. Mwaka 2011 serikali iliufunga mpaka rasmi. Mei 2023 ikatangaza kuwa kivuko cha Liboi kingefunguliwa, lakini Julai mwaka uo huo ikaahirisha kwa sababu ya mashambulizi. Watu wa hapo wanategemea mifugo, na mifugo hutegemea mvua. Mvua ikikosekana, mzigo wa kutafuta maji huwaangukia wanawake na watoto.

Kiutawala, Liboi ni mojawapo ya wadi 6 za eneo bunge la Dadaab, na Garissa nzima ina wadi 30. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilileta ugatuzi ili maamuzi ya maji, zahanati na barabara za mashinani yasingoje tena Nairobi. Tangu uchaguzi wa 2013, maamuzi hayo yamo mikononi mwa gavana na Bunge la Kaunti. Hata hivyo, Dadaab penyewe ni karibu kilomita 100 kutoka Garissa mjini, na Liboi iko mbele zaidi. Madaraka yaliyotoka Nairobi yakaishia Garissa mjini hayajamfikia mama wa Liboi. Kwake yeye ofisi imesogea tu. Mlango bado uko mbali.

Tuanze na maadili, kwa kuwa ndiyo msingi. Katika mafundisho ya dini yetu, uongozi ni amana. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtuma mtu kukusanya zaka. Aliporudi, alitenga sehemu ya mali akadai kuwa hiyo alipewa yeye zawadi. Mtume alimkemea na kuwauliza watu: lau mtu huyo angekaa nyumbani kwa wazazi wake, je, zawadi hiyo ingemfikia? Swali hilo linafaa kuulizwa leo kwa kila afisa anayepokea bahasha ya mwanakandarasi. Sura ya 6 ya Katiba yetu nayo inashika njia hiyo hiyo: zawadi anayopewa afisa wa umma katika shughuli rasmi ni ya Jamhuri, si yake.

Pili ni uwakilishi. Katiba inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wanachama katika mabunge ya kaunti. Kwa kuwa wanawake wachache sana huchaguliwa katika wadi, pengo huzibwa kwa viti vya kuteuliwa kutoka orodha za vyama. Dada hao wanastahili heshima, lakini jina la aliyeteuliwa huandikwa na chama, na wadi ya kumdai hesabu hana.

Huko Kaskazini Mashariki, wazee wa koo mara nyingi huketi kabla ya uchaguzi wakagawana nafasi. Mwenye haki hawezi kukana faida ya mashauriano hayo, kwa kuwa yamepunguza ugomvi katika nchi iliyoonja vita na hali ya hatari kwa miongo mingi. Lakini shura ambayo nusu ya umma haikuulizwa ni shura yenye upungufu. Mwaka 2017, Sophia Abdi Noor alichaguliwa mbunge wa Ijara, katika kaunti hiyo hiyo ya Garissa, akawa mwanamke wa kwanza wa Kaskazini Mashariki kushinda kiti cha eneo bunge. Ushindi huo ulionyesha kuwa wapiga kura huweza kumkubali mwanamke pale anapopata nafasi ya kusimama mbele yao.

Tatu ni uwajibikaji, na hapa kalenda ina uzito wake. Kwa mujibu wa sheria ya fedha za umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, mwelekeo wa matumizi kabla ya 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Mwenye kulalamikia kisima mwezi wa Agosti amekuta sahani zimekwisha oshwa. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

Kuna pia Hazina ya Usawazishaji iliyowekwa na Katiba kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Garissa ilikuwa miongoni mwa kaunti 14 za kwanza kutajwa, pamoja na jirani zetu Lamu, Tana River, Kilifi, Kwale na Taita Taveta. Hazina hiyo iliwekewa miaka 20 tangu 2010, na fedha zake zilichelewa sana kutoka. Bunge lisipoongeza muda, mlango huo utafungwa 2030. Jambo hili, basi, linatuhusu sisi wa pwani sawasawa na watu wa Liboi.

Ni marekebisho gani tunayoyapendekeza? Kwanza, orodha ya miradi ya kila wadi, gharama yake na jina la aliyepewa kandarasi, ibandikwe mahali watu wanapokutana: zahanati, shule, soko la mifugo na msikiti, kwa Kisomali na Kiswahili. Pili, vikao vya maoni vifanyike ndani ya wadi, saa ambazo mama ameshamaliza kuchota maji, na wanawake wapewe kikao chao wakipenda ili wazungumze bila haya. Tatu, vyama viteue wanawake baada ya kushauriana na wanawake wa wadi, na kila mteule apangiwe wadi za kuzitembelea na kuzitolea taarifa. Nne, ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ifafanuliwe hadharani kila mwaka kwa lugha nyepesi.

Hatuna haja ya kungoja sheria mpya ili tuanze. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inaitaka ofisi iliyoombwa ijibu ndani ya siku 21. Barua moja yatosha: mradi wa wadi yetu umetengewa kiasi gani, umelipwa kiasi gani, na nani aliutia sahihi kuwa umekamilika? Kikundi cha akina mama cha chama au cha darasa la Qur'ani kinaweza kuiandika jioni moja, na kijana wa shule akasaidia kuinakili.

Tunawausia wazazi mambo haya yazungumzwe nyumbani mbele ya watoto wa kike na wa kiume. Mtoto anayeona mama yake akiuliza kwa adabu zilikokwenda fedha za kisima atakua akijua kuwa mali ya umma ina wenyewe. Na kiongozi anayejua kuwa ataulizwa huchunga amana vizuri zaidi. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape watu wa Liboi mvua ya kheri na viongozi waadilifu, na sisi atupe ujasiri wa kuuliza. Amin.