Kisanduku cha Alama na Maana ya Kimya katika Fomu za Mtandaoni

Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi chache zihusuzo fomu zinazojazwa kwa kompyuta, na hasa kile kimraba kidogo ambacho mjazaji hukitia alama. Jambo lenyewe laonekana dogo. Hata hivyo, tulipozungumza na watendaji, walimu na watafsiri wa Handeni na Korogwe, tuliona kwamba kila mmoja ana jina lake: kisanduku, kiboksi, kimraba, pa kutiki. Wingi huo wa majina hauna madhara makubwa. Lililotutia wasiwasi ni kwamba karibu wote waliamini kuwa kimraba kilichoachwa kitupu chasema "hapana". Hakisemi hivyo, na kosa hilo laweza kumpotezea mwananchi haki yake.

Tuanze na karatasi. Fomu zetu za ofisini zimezoea kumwagiza mjazaji "weka alama ya vema panapohusika" au "futa isiyohusika". Katika karatasi kisanduku kitupu huonekana. Afisa anayeipokea fomu aweza kujiuliza kama mwombaji amekataa, amesahau, au hakulielewa swali. Tofauti hiyo tuliizoea zamani katika upigaji kura. Katika uchaguzi wa Rais wa mwaka 1965, uliofanywa chini ya mfumo wa chama kimoja, mpiga kura alitakiwa achague Ndiyo au Hapana. Hapana ilipewa mahali pake. Karatasi isiyotiwa alama haikuwa kura ya Hapana, bali kura iliyoharibika.

Siku hizi shughuli nyingi zimehamia katika kompyuta. Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na wakulima waliotaka mbolea ya ruzuku katika msimu wa 2022/2023 waliandikishwa katika mfumo wa kompyuta. Mifumo hutofautiana, lakini fomu za mtandaoni, yaani zile zifunguliwazo kwa kivinjari, zinafuata kanuni moja iliyomo katika maelezo rasmi ya mwaka 1995: kisanduku chenye alama hutumwa kwa seva, kisicho na alama hakitumwi kabisa.

Mfano utasaidia. Tuchukulie kwamba karani wa Handeni anajaza fomu ya karatasi, kisha anakata kwa mkasi visanduku vyenye alama tu, anavitia katika bahasha na kuipeleka Korogwe. Mpokeaji wa Korogwe hataona visanduku vitupu. Hatajua hata kama vilikuwapo. Hivyo ndivyo kivinjari kinavyofanya. Fomu ikiorodhesha mahindi, maharage na mkonge, na mkulima akatia alama mahindi na mkonge, seva hupokea maneno haya tu: zao=mahindi&zao=mkonge. Maharage hayakukataliwa, hayakutajwa.

Hapa pana hatari mbili. Kwanza, kisanduku kisemacho "Nina ulemavu" kikiachwa kitupu, seva haiwezi kutambua kama mtu hana ulemavu au karani hakumwuliza. Pili, ni pale taarifa zinaposahihishwa. Mkulima wa Korogwe aliyetia alama mkonge mwaka jana, naye ameacha kuulima, ataiondoa alama mwaka huu. Ikiwa msimbo wa seva umetungwa kubadili yale tu yaliyopokewa, hautaona cha kubadili, na mkonge utabaki katika daftari.

Watunga programu wana njia tatu za kuepuka hayo:

(a) Msimbo wa seva uwe na orodha yake yenyewe ya visanduku vyote vya fomu, na kwa kila kimoja uulize: kimefika? Kisichofika kiandikwe kuwa "hakikutiwa alama".

(b) Mbele ya kisanduku uwekwe uga fiche wenye jina lilelile na thamani 0. Kisanduku kikiwa kitupu, hufika 0 peke yake. Kikitiwa alama, thamani zote mbili hutumwa, na seva iliyopangwa hivyo huchukua ya mwisho. Lakini tabia hiyohiyo huleta hasara penye majibu mengi. Katika lugha ya PHP, aliyoitoa Rasmus Lerdorf mwaka 1995, jina la kundi la visanduku hapana budi liishie kwa mabano ya mraba, yaani zao[]. La sivyo jibu la mwisho tu ndilo litakalobaki, na mkulima wetu ataandikwa kuwa ni wa mkonge peke yake.

(c) Pale jibu lenyewe lina uzito, kisanduku kisitumike. Viwekwe viduara vya Ndiyo na Hapana, vyote vikiwa vitupu mwanzoni. Ikiwa hapana kilichochaguliwa, seva itajua kwamba swali halikujibiwa, nayo itairudisha fomu.

Ikumbukwe kwamba njia mbili za kwanza zamwezesha mtunga programu kujua kuwa alama haikutiwa. Hazimwambii sababu. Njia ya tatu pekee ndiyo inayomlazimisha mtu aseme.

Mtafsiri naye ana wajibu wake. Kila kisanduku kina maelezo yanayosomwa na mtu, na thamani inayosomwa na seva. Yatafsiriwe maelezo, thamani iachwe kama ilivyo. Thamani nayo ikitafsiriwa, fomu ya Kiingereza na ya Kiswahili zitatuma maneno mawili kwa zao moja, na hesabu itagawanyika. Kadhalika, maelezo yasiwe ya kukanusha. "Sitaki kupokea ujumbe" humtaka mtu aseme ndiyo ili akatae, wengi watakosea. Hilo lina uzito zaidi katika ridhaa. Katika desturi za ndoa za pwani kimya cha mwali huhesabiwa kuwa ni kukubali, lakini wazee waliopo humjua mwali na kimya chake. Seva haimjui mtu. Hivyo kisanduku cha "Ninakubali taarifa zangu zitumike" kisitiwe alama kabla mwenyewe hajakigusa, hasa baada ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Sasa istilahi. Tulikuwa tumekusudia kupendekeza "kisanduku cha vema". Mwalimu mmoja wa Korogwe alitupinga. Alisema kwamba darasani vema ni alama ya aliyepatia, na mtoto aliyezoea hivyo atadhani fomu inamtafutia jibu sahihi. Tumekubali hoja yake. Twapendekeza: kisanduku cha alama, kwa majibu mengi; kiduara cha chaguo, kwa jibu moja tu; kutia alama na kuondoa alama; uga fiche; maelezo ya kisanduku; thamani; na msimbo wa seva. Kwa kilichoachwa kitupu, twashauri watendaji waandike "hakikutiwa alama" katika taarifa zao, wala wasiandike "hapana".

Wasomaji wenye istilahi bora zaidi, au waliokwisha kukutana na fomu zilizowatatiza, wanaombwa watuletee maoni yao kabla orodha hii haijapelekwa kusanifishwa.