Mzee Asifungwe na Ngazi

Watoto wengi mjini Nakuru hudhani wamemfaa mzazi wanapomtoa shambani Molo au Njoro na kumweka orofa ya nne. Miezi michache baadaye analetwa kwa daktari: magoti yamekaza, shinikizo la damu limepanda, hamu ya chakula imetoweka. Tembe pekee hazitamtibu. Mzee huyo amefungwa na ngazi.

Tazama nyumba kuukuu za Kivumbini na Kaloleni, zilizojengwa enzi za mkoloni. Ni ndogo, na choo cha pamoja nje ni hatari usiku. Lakini mlango uko chini na unatazamana na wa jirani. Bibi akitoka kuanika nguo husalimiwa. Asipoonekana kufikia saa nne, mtu atabisha hodi.

Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kushiriki kikamilifu katika shughuli za jamii. Basi anayejenga ampe nyumba ya chini, karibu na duka na watoto wanaocheza, na benchi kivulini wapitapo watu. Choo kiwe ndani, sakafu isiteleze, taa iwake usiku. Ukutani pawe na chuma cha kujishikilia, kilichokazwa kwa skrubu ndefu. Mzee anaweza kuanguka akiegemea sinki.