Kwa nini siga humlevya anayeivuta mara ya kwanza, hata asipomeza moshi

Jioni moja Ngamiani, Tanga, kijana mmoja alikuja kijiweni na mrija wa bati mfukoni. Ndani ya mrija mlikuwa na siga moja. Siga ni ile sigara nene ya rangi ya kahawia, isiyo na karatasi wala kichungi, iliyosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku. Hii ilikuwa na utepe wa njano na mweusi wenye jina la Cohiba, yaani imetoka Cuba. Binamu yake anayefanya kazi Maskati alimletea zawadi.

Sisi tulikuwepo, tunakunywa kahawa. Siga ilipita mkono kwa mkono, kila mtu akainusa. Kijana mwenyewe si mvutaji, na tangu asubuhi alikuwa na kahawa na kashata tu tumboni. Mmoja wa waliokuwepo akamwambia kwamba siga haina neno, mradi usimeze moshi. Unaujaza mdomoni, unauonja, unautoa. Akafuata hivyo hivyo.

Dakika kumi za mwanzo zilikuwa za raha. Alisema anasikia ladha ya mbao, kahawa na pilipili manga. Siga ilipofika nusu, mate yakaanza kumjaa mdomoni. Jasho la baridi likamtoka usoni, midomo ikapauka, akasema baraza linazunguka. Haukupita muda akainuka kuelekea mtaroni, akatapika vyote alivyokula.

Wengine walicheka. Wengine waliogopa, wakadhani siga imetiwa dawa. Mama mmoja anayeuza tambuu hapo jirani ndiye aliyewatuliza. "Mwanangu, hukutiliwa kitu," alimwambia. "Umelewa tumbaku, kama mgeni anavyolewa tambuu yangu."

Mama yule alisema kweli. Makala haya yanaeleza kwa nini, maana kauli ya kwamba "usipomeza moshi hupati kitu" inaaminiwa na wengi, na imeshawaponza wengi.

Kwa nini siga ya Cuba inatafutwa

Tumbaku ya siga maarufu za Cuba hulimwa zaidi mkoa wa Pinar del Río, magharibi mwa kisiwa hicho. Majani hukaushwa kwa hewa vibandani, kisha huvundikwa kwa marundo kwa miezi mingi, baadhi kwa miaka, mpaka ukali wake upungue na ladha ikolee. Baada ya hapo siga husokotwa kwa mkono, moja moja.

Cohiba ilianza kutengenezwa miaka ya 1960 kwa ajili ya Fidel Castro na zawadi za wageni wa serikali. Haikuuzwa kwa watu wote mpaka mwaka 1982. Jambo jingine lililoipa siga ya Cuba jina ni marufuku. Februari 1962 Rais John F. Kennedy wa Marekani alizuia biashara na Cuba. Msaidizi wake wa habari, Pierre Salinger, alikuja kusimulia kwamba kabla ya kutia saini, rais alimtuma akamtafutie siga elfu moja za Cuba. Alipata 1,200, ndipo saini ikatiwa.

Kitu kinachokatazwa hutamaniwa, na bei hupanda. Leo siga moja ya Cohiba inaweza kuzidi shilingi laki moja. Ndiyo maana kijana wetu aliona haya kuizima hata pale mwili ulipoanza kumwambia basi.

Siga moja si sawa na sigara moja

Hapa ndipo penye kosa la kwanza. Sigara moja ya karatasi ina tumbaku isiyofika gramu 1. Siga kubwa ina gramu 5 na kuendelea, na nyingine hufika 20. Kwa hiyo siga moja inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara.

Kinacholevya katika tumbaku kinaitwa nikotini. Sigara ya kawaida ina nikotini ya miligramu 10 hivi, na mvutaji hupata miligramu 1 au 2 tu mwilini. Siga kubwa ina miligramu 100 hadi 200, na nyingine zaidi ya hapo. Si yote inayoingia mwilini, lakini siga huvutwa kwa saa nzima au zaidi, na muda wote huo nikotini inaendelea kuingia kidogo kidogo.

Chokaa ya tambuu na magadi ya ugoro

Sasa tuje kwenye swali kubwa: nikotini inaingiaje ikiwa moshi haukumezwa? Jibu lake wazee wa pwani wamekuwa nalo mkononi miaka yote.

Tazama tambuu inavyofungwa. Muuzaji huchukua jani la mtambuu, akalipaka chokaa, akaweka popoo na katu, na kwa anayetaka, tumbaku. Mchanganyiko huo ndio wazee walioupa jina la uraibu, kabla neno hilo halijaanza kutumika kwa madawa ya kulevya. Tazama na ugoro. Tumbaku husagwa, kisha ikatiwa magadi. Chokaa na magadi havitiwi kwa ladha peke yake. Vinaifanya tumbaku "ishike."

Sababu yake ni hii. Nikotini ikiwa kwenye kitu chenye uchachu, kama wa limau, haipiti kirahisi kwenye ngozi laini ya mdomo. Ikiwa kwenye kitu cha upande wa pili, wenye asili ya chokaa, magadi au majivu, inapita upesi. Inaingia kwenye damu kupitia mashavu, ufizi na chini ya ulimi, bila kupitia mapafuni.

Moshi wa sigara nyingi za karatasi una uchachu kidogo. Tumbaku yake kwa sehemu kubwa ni ile ambayo wakulima wa Urambo, Sikonge na Chunya wanaiita tumbaku ya mvuke, inayokaushwa kwa joto la moto kwenye mabani. Ukaushaji huo unaacha sukari nyingi kwenye jani, na sukari ikiungua moshi unakuwa na uchachu. Ndiyo maana mvuta sigara analazimika kuvuta moshi mpaka mapafuni.

Tumbaku ya siga imekaushwa kwa hewa na kuvundikwa muda mrefu. Sukari yake imekwisha, na kuvundikwa kumezalisha amonia, ile harufu kali inayosikika kwenye zizi lenye mkojo wa mifugo. Amonia iko upande wa chokaa na magadi. Kwa hiyo moshi wa siga umeshatiwa "chokaa" yake kabla haujawashwa. Ukiuweka mdomoni tu, nikotini inapita. Kijana wetu hakumeza hata pumzi moja ya moshi, na bado alipata dozi kubwa.

Kwa nini mzoefu halewi

Mwili wa mtu anayetumia tumbaku kila siku umeshaizoea nikotini. Kiasi ambacho kwake ni kiburudisho, kwa mgeni ni sumu ndogo. Nikotini huusisimua ubongo na mishipa ya fahamu, na mwili wa mgeni hujibu kwa namna yake: mate kujaa, jasho la baridi, kizunguzungu, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, kutapika, na wakati mwingine kuharisha. Tumbo likiwa tupu, hali huwa mbaya zaidi.

Kwa mtu mzima mwenye afya, dalili hizi kwa kawaida hupungua ndani ya saa moja au mbili, kwa sababu mwili huondoa nusu ya nikotini kila baada ya saa mbili hivi. Kijana wetu alijilaza barazani mpaka baada ya sala ya Isha, akaweza kwenda nyumbani kwa miguu.

Mkulima wa tumbaku naye hulewa

Jambo hili si la wenye siga peke yao. Wasikilizaji wetu wanaolima tumbaku au wenye ndugu wanaolima wanaijua hali hii kutoka shambani. Mtu anayevuna majani mabichi yenye umande au yaliyolowa mvua anaweza kurudi nyumbani na kichwa kinachomgonga, kizunguzungu na kutapika, hata kama maisha yake yote hajavuta sigara. Nikotini huyeyuka kwenye maji yaliyo juu ya jani, ikapita kwenye ngozi. Wengine hudhani ni malaria au jua kali.

Kinga yake ni kusubiri umande ukauke kabla ya kuvuna, kuvaa shati la mikono mirefu na glavu, kubadilisha nguo zilizolowa, na kunawa kwa sabuni mara baada ya kazi. Watoto na wajawazito wasishike majani mabichi kabisa.

Ufanye nini mtu akilewa tumbaku

Kwanza, aache mara moja. Asijilazimishe kumaliza kwa kuwa kitu ni cha ghali au kwa kuwa wenzake wanamtazama. Akiwa anatafuna tambuu au ana ugoro mdomoni, ateme.

Pili, asukutue mdomo kwa maji na kuyatema, kisha akae penye hewa. Akitaka kutapika, msimlaze chali. Mlazeni ubavu ili matapishi yasimkabe.

Tatu, anywe maji kidogo kidogo. Kama hajala, chai yenye sukari au kipande cha mkate vitamsaidia kupata nguvu kichefuchefu kikitulia. Asiongezewe kahawa wala pombe, na asiendeshe pikipiki mpaka kizunguzungu kiishe kabisa.

Nne, mpelekeni kituo cha afya bila kuchelewa kama anapumua kwa shida, amezimia, ana degedege, au amechanganyikiwa. Mtoto mdogo aliyemeza tumbaku, ugoro au kipisi cha siga apelekwe mara moja hata kama bado anacheza, kwa sababu kiasi kidogo kinaweza kumuua.

Kulewa kunaisha, madhara mengine hayaishi

Kizunguzungu cha siku moja si hatari kubwa kuliko zote. Wanaovuta siga kila siku, hata bila kumeza moshi, wana hatari kubwa ya saratani ya mdomo, ya koo na ya umio. Moshi ule ule unaoonjwa kwa ulimi ndio unaokaa juu ya ngozi laini ya mdomo kwa saa nzima.

Na hapa mfano wa tambuu unatugeukia wenyewe. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka popoo katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hata ikitafunwa bila tumbaku. Ikiongezwa tumbaku, hatari inakua. Mtu anayetumia vitu hivi akiona kidonda mdomoni kisichopona kwa wiki tatu, doa jeupe au jekundu lisilotoka, au mdomo unakuwa mgumu kufunguka, aende kwa daktari wa meno au hospitali. Kwa wakazi wa Tanga, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo ni mahali pa kuanzia. Saratani ya mdomo ikionekana mapema inatibika vizuri zaidi.

Kwa mwenye duka, sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 inayosimamia bidhaa za tumbaku inakataza kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18. Ni sheria ya kulinda watoto wetu, na kuitimiza kunaanza na sisi tunaowatuma dukani.

Fidel Castro mwenyewe, aliyetengenezewa Cohiba, aliacha kuvuta siga mwaka 1985. Kijana wetu wa Ngamiani hakungoja miaka mingi hivyo. Kipande kilichobaki alikirudisha kwenye mrija wake, na siku ya pili alipopita kijiweni, yule mama wa tambuu alimuuliza hali. Akajibu kwamba hajambo, ila sasa anajua kwamba mdomo nao ni mlango.