Choo Kinachomfichua Mjusi wa Jangwani

Je, msomaji, kama ungetumwa kumtafuta mjusi mmoja katika jangwa lisiloonekana mwisho wake, ungeanzia wapi? Katikati ya Australia, wanaolijua jibu ni wazee na akina mama wa wenyeji wa asili wa nchi ile. Wao hawamtafuti mjusi mwenyewe, kwani mchana hujificha ardhini, akatoka jioni na usiku kula mchwa. Hutafuta choo chake.

Mjusi huyo, ambaye Waanangu humwita tjakura, ana rangi ya mchanga mwekundu, na urefu wake pamoja na mkia hupita sentimita 40. Ajabu yake ni kuishi kwa jamaa. Utafiti uliofanywa katika hifadhi ya Uluru na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa wazazi na watoto wao hushirikiana kuchimba na kutunza nyumba moja. Njia zake za chini zaweza kufikia mita 13, zenye milango hadi 20, na nyumba hukaliwa mfululizo hata miaka 7. Nje yake jamaa nzima hujisaidia mahali pamoja. Kinyesi kibichi humwambia msoma nyayo kuwa wenyewe wapo. Kilicho kidogo, kuwa wamezaa.

Kwa nini basi ameadimika? Zamani wenyeji walichoma nyasi kipande kwa kipande walipokuwa wakisafiri jangwani. Katika karne ya 20 wengi wao waliondoka, ama waliondolewa, wakakaa kwenye misheni na makambi. Nyasi zikasongamana, na radi ikawasha mioto mikubwa iliyoacha nchi tupu. Mjusi akakosa maficho mbele ya paka na mbweha walioletwa na walowezi.

Tarehe 26 Oktoba 1985 Waanangu walirudishiwa ardhi ya Uluru, nao huitunza hifadhi pamoja na serikali. Wanasayansi, pamoja na vyombo vyao vyote, huwahitaji wazee wawaonyeshe mashimo yalipo. Jungu kuu halikosi ukoko.

Lakini mzee hakai milele. Ndiyo maana vijana huchukuliwa mchangani, wainame pamoja na wakubwa wao, waulizwe: nani kapita hapa, na lini? Elimu hiyo ikikatika, tjakura aweza kutoweka pasiwe na mtu wa kutambua kuwa hayupo.