Jibu ni 603, Mwalimu Kaweka Kosa

Mpe mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi Goma au Uvira swali hili: 7236 gawanya kwa 12. Ataandika 7236, kulia kwake atachora mstari wa kusimama, ng'ambo ya mstari ataweka 12, chini ya 12 atapiga mstari wa kulala, na jibu atalijenga hapo chini tarakimu moja moja. Swali hilohilo mpe mwenzake aliyesoma Rugaaga, Uganda. Huyu ataanza na 12, ataifungia 7236 ndani ya alama ya kugawanyia, na jibu litakaa juu yake. Wote wawili watapata 603, mradi wasiisahau sifuri ya katikati. Kazi waliyoifanya ni moja: 72 kwa 12 ni 6, 3 haitoshi kugawanywa kwa 12, basi andika 0, shusha 6, inakuwa 36, 36 kwa 12 ni 3. Tofauti yao ni mahali pa kuandikia tu.

Daftari la yule wa kwanza likifika kwa mwalimu mwenye rundo la madaftari mezani, mwalimu ambaye hajapata kuona mgawanyo ukiandikwa upande wa kulia, kalamu nyekundu haichelewi. Mtoto anarudi kwenye dawati akiamini kwamba hajui kugawanya, na kosa halikuwa lake.

Rugaaga iko wilaya ya Isingiro, kusini mashariki mwa Mbarara, jirani kabisa na makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia kwao, yakatambuliwa rasmi 1960, na leo yana watu zaidi ya 100,000: Wakongo kwa wingi, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea. Sokoni Kiswahili kinawapatanisha wengi wao. Darasani ni Kiingereza, na hapo ndipo waliosoma kwa Kifaransa wanaporudishwa madarasa ya chini. Si ajabu kumkuta kijana wa miaka 15 amekaa darasa la nne. Kwa somo la lugha naelewa. Kwa hesabu sielewi, kwa maana kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya amekuja navyo kichwani.

Kinachoumiza zaidi ni koma. Kongo na Burundi, kwa desturi ya Kifaransa, 3,5 ni tatu na nusu. Uganda tatu na nusu ni 3.5, na koma kazi yake ni kutenga maelfu. Sasa andika ubaoni 2,500 × 4. Mtoto mmoja ataisoma elfu mbili na mia tano, atapata 10,000. Wa pili ataisoma mbili na nusu, atapata 10. Wote wamezidisha sawasawa. Mwalimu asiyejua habari hii atamwambia huyu wa pili akariri upya jedwali la kuzidisha, naye jedwali analijua vizuri.

Uko ugumu mwingine ambao haukuletwa na mkimbizi yeyote. Uganda wanafunzi hukariri BODMAS ili wajue tendo lipi litangulie. Tanzania hukariri MAGAZIJUTO, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Yote mawili yanashikika kirahisi, na yote mawili yanaweka mtego mahali pamoja. Chukua 10 − 3 + 2. Anayefuata herufi atatanguliza kujumlisha: 3 na 2 ni 5, toa kwenye 10, jibu 5. Jibu sahihi ni 9. Kujumlisha na kutoa ni ngazi moja. Unayafanya kwa zamu, kutoka kushoto kwenda kulia. Kuzidisha na kugawanya nako ni vivyo hivyo, ila hapo kutanguliza kugawanya hakudhuru: 24 × 4 ÷ 3 ni 32 ukianzia kushoto, na ni 32 ukianza na 4 ÷ 3. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuufuata wimbo wake miaka mingi bila kuumia kwenye nusu ya kwanza, akaumia kwenye nusu ya pili, asijue kwa nini. Tena MAGAZIJUTO haina nafasi ya vipeo. Anayefika sekondari na silaha hiyo peke yake, ukimpa 2 × 3² atazidisha kwanza na kukuletea 36 badala ya 18.

Dawa yake mimi naiona sokoni. Una shilingi 10,000. Umenunua maharage ya 3,000, halafu mtu akakulipa deni lake la 2,000. Umebaki na ngapi? Hakuna mtoto wa Nakivale atakayesema 5,000. Akishataja 9,000, mwambie aandike alichokifanya: 10,000 − 3,000 + 2,000. Ataona mwenyewe kwamba alama ya kutoa ni ya yale maharage peke yake, wala haihusiani na deni lililolipwa. Siku hiyohiyo umemfungulia mlango wa namba hasi, mada inayowasumbua wengi kidato cha kwanza.

Desimali nazo ziko mkononi mwa kila mwenye simu. Tangu 2018 Uganda inatoza kodi kwa anayetoa pesa kwenye simu. Ilianza na asilimia 1, mwaka huohuo ikashushwa hadi 0.5. Mama akituma mtoto akatoe 40,000, kodi ni shilingi 200. Ukiliuliza swali hilo darasani, wapo watakaozidisha 40,000 kwa 0.5 na kukuambia 20,000. Usiwasahihishe upesi. Waulize kama mama yao angekubali.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020 na kufanyiwa mtihani wa kwanza wa taifa 2024, unaipa kazi ya darasani asilimia 20 ya alama, kwa hiyo mafunzo ya namna hii yana nafasi. Lakini ulizaliwa mwaka mbaya. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na ilikuwa Januari 2022 ndipo madarasa yote yaliporudi. Waliokuwa shule ya msingi wakati ule ndio waliojaa sekondari miaka hii, na pengo linaonekana kwenye jedwali la kuzidisha.

Mbarara kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanza 1989, ambacho hufundisha pia walimu wa sayansi na hisabati. Ningependa kila mwalimu anayeandaliwa kufundisha Isingiro apewe siku moja ya kukaa na madaftari ya watoto wa Kongo na Burundi, ayasome mpaka ayazoee. Na mtoto anapofika kuandikishwa, kabla ya kupangiwa darasa, apewe karatasi ya hesabu isiyo na neno hata moja: matendo manne, sehemu, desimali zilizoandikwa kwa nukta na kwa koma, mabano, namba hasi. Apangwe kwa matokeo hayo katika somo la hesabu, hata kama masomo mengine atayaanzia chini. Maneno ya Kiingereza anayoyahitaji ili aanze si mengi. Yanaenea kwenye bango moja la ukutani, na kwa kijana aliyezoea kuruka kutoka Kiswahili hadi Kinyarwanda hadi Runyankore kila siku, muhula mmoja unatosha kuyashika.